Kaburi la Bunkeya

Msiri alizikwa bila kichwa. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji wa msafara wa William Stairs, alimpiga risasi mfalme huyo wa Wayeke wa Katanga katika kijiji cha Munema, nje kidogo ya Bunkeya. Mmoja wa watu wa Msiri akamlipiza Bodson papo hapo, naye hakupona. Maiti ya mfalme ikabebwa hadi kambini kwa wageni, kichwa kikakatwa na kuchomekwa juu ya mti ili kila mtu akione. Baadaye kiwiliwili kilirudishwa kwa jamaa zake, wakakizika. Kichwa hakikurudi.

Tangu hapo Bunkeya pamekuwa mahali pa kuzuru. Kila ifikapo tarehe hiyo Wayeke hukusanyika huko kumkumbuka Mwami wao wa kwanza, wengine wakitoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mimi ni mtu wa Tabora, na Msiri alitoka upande wetu: Ngelengwa mwana wa Kalasa, Msumbwa, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba. Nilikua nikisikia kwamba kuna watu wetu walioifuata shaba kuelekea machweo wasirudi. Nilitaka kuipita njia yao, angalau kipande chake cha mwisho, kutoka Kolwezi mpaka kaburini.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari za stupa za Wabudha, na safari hii ilinifanya nizifikirie upya. Mapokeo yao yanasema Buddha alipofariki na mwili wake kuchomwa, falme nane zilikaribia kupigana vita kugombea masalia yake, mpaka mzee mmoja wa Kibrahmin aitwaye Drona akayagawa mafungu nane. Kila ufalme ukaondoka na fungu lake na kulijengea kilima. Hiyo ndiyo stupa: kilima cha udongo, matofali au mawe, kwa kawaida hakina mlango wa kuingilia. Mahujaji hukizunguka bega la kulia likiwa upande wa kilima, na kile walichokifuata kutoka mbali hawakioni hata kidogo. Karne ya 3 kabla ya Kristo Mfalme Ashoka, kwa mujibu wa mapokeo hayohayo, aliyafungua masalia akayagawa tena katika stupa nyingi za milki yake. Hata Dar es Salaam, Wabudha kutoka Ceylon waliokuja kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga hekalu na kupanda mti wa bodhi, mti wa ukoo ule ambao Buddha alikaa chini yake.

Imani hiyo si yangu, lakini naielewa. Mtu mkubwa akifa, ardhi inayompokea hubadilika. Swali nililokwenda nalo Katanga ni hili: hija inakuwaje pale ambapo salio lenyewe limeibwa?

Kolwezi ni mji mchanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliujenga miaka ya 1930 uwe makao ya migodi yake ya magharibi, na tangu 2015 ndio mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Mgeni anayeingia huona vilima kila upande, na huchukua muda kugundua kwamba vingi havikuumbwa na Mungu: ni mawe na udongo uliotolewa shimoni kwa karibu karne nzima. Vilima vya asili vimegeuka mashimo, na tambarare zimegeuka vilima. Mtaa wa Kasulo ulipogundulika kuwa na kobalti, mwaka 2014, watu walichimba viwanjani mwao, na wengine ndani ya nyumba zao. Mji umekaa juu ya mali yake na unajila wenyewe kutoka chini.

Kabla ya kampuni, nchi hii ilisomwa kwa majani. Vilima vyenye shaba havioti miti. Katikati ya pori la miombo unakuta mgongo ulio wazi, nyasi fupi, na ua dogo la zambarau ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense, mmea unaostahimili udongo ambao ungeua mimea mingine. Wasanga walijua alama hizo vizazi vingi kabla Mzungu hajafika na nyundo yake. Kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, walihamia machimboni, wakaokota na kuchimba yale mawe ya kijani, wakafinyanga tanuri kwa udongo wa vichuguu, wakalijaza makaa na kulipuliza kwa mivukuto ya ngozi. Kazi hiyo ilikuwa na fundi wake mkuu, mwenye dawa na miiko, na hakuna aliyewasha moto bila kuwaita kwanza waliotangulia. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeandika juu yao mwaka 1926, aliwaita walaji wa shaba, kwa jina walilojiita wenyewe. Shaba iliyoyeyuka ilimwagwa katika kalibu za mchanga ikatoka na umbo la msalaba wa mikono minne. Hiyo ndiyo handa.

Handa ililipia mahari, ilinunua chumvi na nguo, na ilizikwa na watu. Kaskazini, kandokando ya Ziwa Kisale, kuna makaburi ya kale ya Sanga ambayo Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walianza kuyafukua mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Makaburi ya zama za Kisale, kati ya karne ya 8 na ya 13, yana vyungu vizuri mno na mapambo ya shaba. Baada ya hapo misalaba inaanza kuonekana juu ya maiti, mingine kifuani, mingine karibu na mikono. Kadiri karne zinavyokwenda ndivyo inavyozidi kuwa midogo na ya kufanana, na hapo watafiti wanatambua kwamba imekwisha kuwa fedha. Kisale hakuna shaba. Ilibebwa kutoka kwenye vilima hivi vya kusini, siku nyingi za mguu, na mwisho wa safari yake ikawekwa mkononi mwa marehemu.

Huo ulikuwa mwendo wa kwanza wa shaba ya Katanga: kutoka ardhini, kupitia kwa walio hai, hadi kurudi ardhini pamoja na wapendwa. Mimi naona ni mwendo wa heshima kuliko huu tunaouona barabarani leo.

Njia yenyewe ya mashariki na magharibi ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika wawili waliotumwa kutoka Angola, waliuvuka mto Lualaba na kupita nchi ya machimbo ya shaba mwaka 1806, wakaelekea kwa Kazembe. Said bin Habib, Mwarabu wa Zanzibar, alipita Katanga katika safari yake ndefu hadi pwani ya Atlantiki, na habari zake zilichapishwa Bombay mwaka 1860. Kati yao na baada yao ndipo walipokuja wafanyabiashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi, ambao huku waliitwa Wayeke. Kalasa alikuja akanunua shaba akarudi. Mwanawe alikuja, mnamo 1856, akabaki.

Niliondoka Kolwezi kwa basi kufuata barabara kuu ya Likasi. Barabara hii haina usingizi. Malori yanayokwenda mashariki yamebeba bamba za shaba zilizofungwa kwa mikanda ya chuma, na magunia makubwa meupe ya kobalti. Yanayorudi yamebeba chokaa, mafuta na asidi. Karibu na Tenke, ambako reli ya kutoka Angola inaungana na ile iendayo kaskazini Bukama, mama aliyekaa kando yangu alinyosha kidole dirishani na kusema kwa sauti ya chini, "Ni hapa batu balichomekaka." Mwezi Februari 2019 lori la asidi liligongana na magari mengine katika eneo hili, na watu wapatao 20 wakafa, wengi kwa kuunguzwa na asidi iliyomwagika. Mama yule akafanya ishara ya msalaba. Abiria wengine kadhaa wakafanya vilevile. Basi halikusimama, lakini kwa muda ule mfupi hakuna aliyezungumza, na nikatambua kwamba njia hii ina vituo vyake vya hija ambavyo havijaandikwa popote.

Asidi ya sulfuriki ndiyo inayoyeyusha mawe ya shaba katika viwanda vya leo. Bila asidi hakuna bamba. Na ni asidi hiyohiyo iliyotumika kuangamiza maiti za Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Kwa sababu hiyo, nilipofika Likasi sikukata kaskazini mara moja. Niliendelea na barabara ya Lubumbashi hadi Shilatembo, kilomita zipatazo 50 kabla ya kuingia mjini. Hapo, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, wanaume hao watatu walipigwa risasi na askari wa Katanga chini ya maofisa wa Kibelgiji. Siku chache baadaye ofisa wa polisi Gérard Soete, Mbelgiji, aliifukua miili, akaikata vipande na kuiyeyusha, kusudi pasiwe na kaburi la kuzuru. Waliotoa amri walielewa nguvu ya kaburi kuliko wengi wanaojiita wataalamu wa siasa. Lakini Soete mwenyewe hakuweza kujizuia: alichukua meno. Alikiri hadharani uzeeni mwake. Mwaka 2016 mahakama ya Ubelgiji ililichukua jino moja kutoka kwa familia yake, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa kwa watoto wa Lumumba likiwa ndani ya kijisanduku.

Kilichofuata ni kitu ambacho Wabudha wa Kandy, kule Sri Lanka, wangekitambua bila kuelezwa, kwani wao wana hekalu zima lililojengwa kwa ajili ya jino la Buddha, na kila mwaka hufanya maandamano makubwa kwa heshima yake. Jino la Lumumba liliwekwa katika jeneza la ukubwa wa mtu mzima, likazungushwa nchi nzima: kwao Sankuru, Kisangani alikojenga siasa yake, Katanga alikouawa. Lilifika hapa Shilatembo. Watu walisimama kando ya barabara kulipokea kama mtu anavyopokewa akirudi nyumbani. Tarehe 30 Juni 2022, siku ya uhuru, likazikwa Kinshasa.

Nilisimama pale chini ya miti nikazunguka mahali hapo polepole, bega la kulia ndani. Sikujipangia kufanya hivyo. Wabudha wanatambua aina tatu za masalia: sehemu ya mwili, kitu alichokitumia marehemu, na kile kinachomkumbusha tu. Kwa hesabu hiyo Shilatembo ni halali kabisa. Hakuna mwili, hakuna hata kifungo cha shati. Kuna mahali, na mahali panatosha kumleta mtu kutoka mbali.

Safari ya Bunkeya ni kurudi Likasi kisha kaskazini, kwa barabara ya vumbi inayoingia bonde la mto Lufira. Kelele za malori zinaisha ghafla. Kuna vijiji vya matofali mabichi, miembe, mashamba ya mahindi na mihogo, wanawake wanaouza makaa kwenye magunia yaliyosimamishwa kando ya njia. Baiskeli zimepakiwa mizigo mpaka mwendeshaji haonekani, naye anazisukuma badala ya kuzipanda. Hivi ndivyo shaba ilivyosafiri zamani, mtu na mzigo wake, na niliona vema kuufuata mwendo huu taratibu.

Bunkeya ya Msiri ilikuwa mji mkubwa. Mmisionari Mskoti Frederick Stanley Arnot aliufikia Februari 1886, akaukuta umetapakaa tambarare, kijiji baada ya kijiji, kila kimoja chini ya mmoja wa wake au wakuu wa mfalme. Wajerumani Reichard na Böhm walikuwa wamekwisha kuja, na Wareno Capelo na Ivens pia. Misafara ya Wangwana ilitoka mashariki na nguo na shanga. Misafara ya Waovimbundu ilitoka Bihe na Benguela na bunduki na baruti. Mmoja wa wake wakuu wa Msiri, Maria de Fonseca, alitoka upande huo wa Angola. Himaya yake ilitanda kati ya Lualaba na Luapula, na ilisimama juu ya vitu vinne: shaba, chumvi, pembe za ndovu, na watu.

Hao watu lazima niwataje, maana nimewahi kusikia Msiri akisifiwa kana kwamba alikuwa mtakatifu. Hakuwa. Arnot aliona mafuvu ya binadamu yamechomekwa kwenye miti ya boma lake. Mateka walifungwa minyororo hapa na kupelekwa magharibi, wengine kwa miezi, na hakuna anayejua idadi ya waliodondoka njiani kati ya Lualaba na bahari. Wasanga, wenye vilima vya shaba, walimwasi katika miaka yake ya mwisho kwa sababu walichoka. Njia ile niliyoifuata tangu Kolwezi, kwa maelfu ya watu, ilikuwa ni njia ya kwenda na kutorudi. Wafalme wana makaburi hata wakikatwa vichwa. Hawa hawana lolote, na mtu anayefika Bunkeya bila kuwakumbuka amefanya nusu ya ziara.

Kilichomwua Msiri, hata hivyo, hakikuwa ukatili wake. Kilikuwa shaba. Cecil Rhodes aliitaka Katanga kwa kampuni yake, na Mfalme Leopold II aliitaka kwa Dola Huru la Kongo. Novemba 1890 Alfred Sharpe alikuja na mkataba wa Waingereza, Msiri alikataa. Aprili 1891 Paul Le Marinel alikuja kwa niaba ya Leopold, na kilichoruhusiwa ni kituo kidogo kule Lofoi, mbali na mji. Oktoba akaja Alexandre Delcommune, akakataliwa. Tarehe 14 Desemba akafika Stairs, Mkanada aliyezoea misafara ya Afrika, naye hakuwa na nia ya kurudi mikono mitupu. Alisimika bendera ya Leopold juu ya kilima bila ridhaa ya mwenyeji. Msiri akahamia Munema usiku. Kesho yake Bodson na Marquis de Bonchamps wakatumwa kumleta.

Jambo moja linaniuma kila ninapolisoma. Stairs alikuja kwa njia yetu. Alitoka Bagamoyo Julai 1891, akapita Tabora, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Karema, akielekea kule walikoelekea Kalasa na mwanawe miaka 35 kabla. Zaidi ya watu 300 waliombebea mizigo na kumshikia bunduki walikuwa hasa watu wa pwani na visiwani. Risasi za Munema zilipigwa na watu waliokuwa wakizungumza Kiswahili, na wengi wao walibaki hukuhuku: watu wa Bunkeya walipokimbia, mashamba yakabaki matupu, na Januari 1892 njaa na kuhara damu vikaanza kuwamaliza wapagazi mmoja mmoja. Takriban nusu tu ya msafara ilirudi Zanzibar. Majina ya Wazungu watano yako vitabuni. Ya wapagazi waliozikwa katika tambarare hii, chini ya nyasi ambazo nilipita katikati yake, hayapo. Niligeukia mashariki nikawasomea Fatiha.

Mzee aliyenipokea alikuwa wa ukoo wa Msiri. Nilimwambia ninatoka Tabora. Akaniangalia kwa muda, kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwana, ulitoka kule babu alitokaka," alisema, na tangu hapo hakuniita mgeni. Wayeke wa leo wengi wao huzungumza Kisanga, lugha ya wale ambao babu zao waliwatawala. Vizazi vya ndoa vimefanya kazi yake. Lakini majina ya kwetu yapo bado, na ile hadithi ya safari kutoka mashariki inasimuliwa kwa mpango, kituo kwa kituo.

Kaburi sitalieleza. Nilipelekwa kwa utaratibu, nikaambiwa mahali pa kusimama, na si vema kuligeuza picha ya gazeti. Niseme tu kwamba nilipofika sikuhisi upungufu. Nilidhani nitaona pengo, mahali palipotiwa doa na kile kisichokuwapo. Badala yake nilikuta watu wanaojua wanachokifanya. Mzee alizungumza na aliyelala pale kama anavyozungumza mtu na baba yake aliye chumba cha pili, akamweleza nani amekuja na kutoka wapi.

Tulipokwisha kukaa kivulini nilimwuliza habari za kichwa. "Kichwa ile iliuaka batu, Papa," alisema mwanawe, mtu wa makamo aliyekuwa ameleta viti, akimwelekea baba yake ili amsahihishe. Mzee hakumsahihisha. "Kila mutu mwenye aliibeba alikufaka," aliongeza. "Na ule Stairs mwenyewe." Hilo la mwisho ni kweli ya historia: Stairs alifariki kwa malaria huko Chinde, kwenye mlango wa mto Zambezi, Juni 1892, akiwa na umri wa miaka 28. Mapokeo ya Wayeke yanasema alikuwa bado na kichwa hicho. Wengine husema kilizikwa chini ya mawe juu ya kilima, upande wa Zambia. Mapokeo yote yanakubaliana katika hili, kwamba kichwa kilijilinda.

Tulizungumza pia juu ya Godefroid Munongo, ingawa kwa tahadhari. Alizaliwa katika ukoo huu mwaka 1925, akawa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga Julai 1960 chini ya bendera yenye misalaba mitatu ya shaba. Tume ya bunge la Ubelgiji, mwaka 2001, ilimtaja kati ya mawaziri waliokuwapo Lumumba alipouawa. Mwaka 1976 alitawazwa kuwa Mwami wa Wayeke, na alifariki Kinshasa Mei 1992, wakati wa Kongamano Kuu la Taifa. Ukoo ulioporwa kichwa cha mzee wake ukawa na mtu katika serikali iliyomnyima mwingine kaburi. Mzee alisikiliza nilipolitamka hilo, na hakukasirika. "Ni yetu pia," alijibu, na akaomba maji.

Nimeona watu wakilijadili suala la masalia ya Waafrika huko Ulaya kana kwamba ni suala la makabati na orodha. Kutoka Bunkeya halionekani hivyo. Fuvu la Lusinga, mtawala wa Watabwa karibu na Ziwa Tanganyika, aliyekatwa kichwa Desemba 1884 kwa amri ya luteni Émile Storms, lilipelekwa Brussels na likakaa huko zaidi ya miaka 130. Mwaka 2022, muda mfupi baada ya jino la Lumumba kurudi, Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurejesha mali za kitamaduni zilizochukuliwa enzi za ukoloni, na sheria hiyo haikugusa mabaki ya binadamu. Kinyago kina sheria. Kichwa cha mtu hakina. Lazima hilo lirekebishwe, na halihitaji miaka mingine 130.

Inawezekana. Mwaka 1898 Mwingereza William Claxton Peppé alifukua stupa ya Piprahwa, kaskazini mwa India, akakuta mifupa inayoaminiwa kuwa ya Buddha pamoja na mamia ya vito vilivyozikwa nayo. Sehemu ya vito hivyo ilibaki kwa familia yake, na mwaka 2025 ikatangazwa kuuzwa kwa mnada. Wabudha wa nchi nyingi walipaza sauti, serikali ya India ikaingilia, mnada ukasimamishwa, na mwezi Julai vito vikarudi India. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kilichozikwa na mtu ni sehemu ya kaburi lake. Ikiwa vito vina haki hiyo, fuvu lina haki kubwa zaidi.

Mwanzoni mwa Februari 1892 msafara wa Stairs uliondoka Bunkeya. Ulikwenda kupitia nchi za kusini mwa Ziwa Tanganyika, ukafika Ziwa Nyasa, ukashuka mto Shire na Zambezi hadi Chinde. Kama mapokeo ni ya kweli, kichwa kiko mahali fulani katika mstari huo, aidha chini ya mawe Zambia, au kwenye mchanga wa Msumbiji, au ndani ya sanduku la mtu aliyepanda meli. Mzee aliniomba nikirudi Tabora niwaulize wazee wetu kama yupo aliyesikia kutoka kwa wapagazi waliosalimika. Nimeanza kuuliza. Baada ya hapo nitakwenda Chinde.